Nyumba Kwanza, Wenyewe Baadaye

Wako watu wengi visiwani petu wanaohesabiwa kuwa ni matajiri kwa sababu ya jumba. Mpita njia hukatiza Shangani, Malindi au Kiponda, akauona mlango wa kuchonga wenye misumari mikubwa ya shaba, akainua macho akaona roshani na vioo vya rangi, akasema moyoni: wenye nyumba hii hawajui dhiki. Laiti angaliingia ndani wakati wa masika, akaona mabeseni na masufuria yaliyopangwa sakafuni kukinga maji, angaliyabadili maneno yake. Jumba la kale la mawe ni mali isiyolika. Haliuziki kwa wepesi, halikatiki vipande, wala halimngojei mwenyewe mpaka apate fedha.

Mzigo huo ndio tutakaouzungumza leo: ni nani aubebe, na kwa utaratibu gani. Tunasema hivyo kwa sababu kila jumba linapoanguka, mazungumzo yetu huishia katika majuto na historia, na swali la fedha za matunzo huachwa likapita kama mgeni asiyejulikana.

Kwanza yafaa tukijue chenyewe tunachokizungumza. Mji Mkongwe wa Unguja una majengo yapatayo 1,700, na mengi yake ni ya karne ya 19. Fundi wa zama hizo alitumia alivyovikuta: mawe ya matumbawe, udongo mwekundu, mchanga, boriti za mikoko, na chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji, kisha ikaachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Urefu wa boriti ndio uliompimia mwenye nyumba upana wa chumba chake. Ndiyo maana vyumba vya majumba yetu ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri aliyeweza kununua kila kitu isipokuwa mkoko mrefu zaidi ya ulivyoumbwa. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hii hupumua: hunyonya unyevu mvua inyeshapo na kuutoa jua liwakapo.

Adui wake ni maji yasiyo na njia. Mlizamu mmoja ukiziba kwa majani na vinyesi vya kunguru, maji hutuama juu ya dari, yakatafuta ufa, yakashuka hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ndani ya ukuta. Hapo ndipo uozo unapoanzia, mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye nyumba huona rangi inabambuka tu. Basi huita fundi, na fundi huja na mfuko wa saruji.

Saruji ni kitu chema mahali pake. Lakini ni ngumu kuliko chokaa, tena haipitishi unyevu. Ipakwapo juu ya ukuta wa matumbawe huyafungia maji humo ndani pamoja na chumvi ya bahari, hata udongo ulioshikanisha mawe ukalegea ukawa kama unga. Kwa nje ukuta hung'ara, na mwenyewe hupongezwa na jirani. Baada ya masika machache lipu huvuliwa kama ganda la yai lililochemshwa, na nyuma yake hakuna ukuta tena bali lundo la mawe linalosimama kwa mazoea. Hatumlaumu mwenye nyumba. Saruji iko katika kila duka. Chokaa iliyozimwa vema, na fundi anayeijua, havipatikani katika kila mtaa. Sisi Waswahili huitaja methali ya ufa na ukuta mara nyingi kuliko tunavyoushika mwiko wa chokaa.

Sasa tuje kwenye umiliki, kwani hapa ndipo penye fundo lenyewe.

Chukua mfano wa nyumba ya mirathi. Mtu amefariki, akaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Kwa hesabu ya sheria yetu ya mirathi nyumba hugawika mafungu manane: mke fungu moja, kila mtoto wa kiume mafungu mawili, kila wa kike fungu moja. Hesabu ni safi, na haki yake haina shaka. Lakini dari haigawiki kwa manane. Vikipita vizazi viwili, wale warithi sita wamekuwa thelathini au arubaini; mmoja yuko Maskati, mwingine Dubai, wawili London, na aliyebaki Unguja ni yule mwenye fungu dogo kuliko wote, ambaye ndiye mwenye ufunguo. Yeye ndiye anayepanda darini kuuzibua mlizamu. Yeye ndiye anayeitwa na jirani usiku kipande cha roshani kinapodondoka njiani. Akiandika barua kuomba mchango, majibu huchelewa. Lakini habari zikivuma kwamba amepatikana mtu wa kuigeuza nyumba kuwa hoteli, majibu hufika siku hiyo hiyo, tena kila mmoja akidai hesabu ya kodi ya miaka iliyopita. Tunayasema haya bila ya kumcheka mtu. Huyo aliye mbali naye ana watoto wa kusomesha, na jumba alilolihama angali mdogo halimpatii hata kivuli.

Nyumba za Serikali zina kisa chao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya watu waliokimbia au walionyang'anywa yaliingia mikononi mwa dola, na ndani yake zikawekwa familia zilizokuwa hazijapata kuishi katika nyumba ya mawe. Jumba lililokuwa la Tippu Tip kule Shangani, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki mwaka 1905, lilikaliwa kwa miaka mingi na familia mbalimbali, kila moja na sehemu yake. Siasa ya jambo hilo si ya ukurasa huu. Mtu aliyekuwa akilala katika kibanda akapewa chumba chenye dari ya juu na upepo wa bahari, alipewa haki yake ya ubinadamu. Ila hakupewa pamoja na chumba hicho njia ya kukitunza. Kodi iliwekwa ndogo ili aimudu, na kwa kuwa ilikuwa ndogo haikutosha hata kununua boriti moja kwa mwaka. Ngazi, ua na dari vikawa vya wote, yaani havikuwa vya mtu. Jiko la kuni likahamia roshani, choo kikaongezwa ghorofani juu ya boriti ambazo hazikupata kukusudiwa kubeba maji, na mabomba yakapitishwa ukutani kwa tundu la nyundo.

Ilipofika miaka ya 1980 hali ilikuwa imeharibika kiasi cha kuifanya Serikali iunde, mwaka 1985, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mpango wa hifadhi ukaidhinishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Milango ya biashara ilikuwa imekwisha funguliwa, nyumba nyingi za Serikali zikauzwa au kukodishwa, na watalii wakaja. Hapo jumba la kale, lililokuwa mzigo, likaanza kutazamwa kama mgodi.

Kuligeuza jumba matumizi si dhambi. Majumba haya hayajapata kukaa na kazi moja. Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19, lilipata kuwa makao ya ubalozi mdogo wa Uingereza na baadaye likawa ofisi za Serikali. Jina lake, wasemavyo wazee, lilikuwa ni onyo kwa majirani wasijaribu kushindana na mwenyewe kwa gharama. Husimuliwa hata kwamba chokaa yake ilikandwa kwa mayai. Mwaka 2015 lilifunguliwa likiwa ni hoteli ya kifahari, pamoja na jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo hilo jipya, na wananchi nao walikuwa na lao la kusema juu ya uwanja wa ufukweni waliouzoea. Lakini hata mwenye kuichukia hoteli hiyo hana budi kukubali kwamba pana mtu anayejua kila asubuhi kama dari inavuja.

Shida ya hoteli ni nyingine. Hoteli hupimwa kwa idadi ya vyumba, na mgeni wa leo hataki kushirikiana choo na mtu. Nyumba iliyokuwa na vyoo viwili kando ya ua sasa yatakiwa iwe na vyoo kumi na viwili, vyote ghorofani, na juu kabisa litiwe tangi la maji ambalo uzito wake likijaa ni wa tani nzima au zaidi. Ua uliokuwa ukipitisha hewa na mwanga hufunikwa ili uwe mahali pa mapokezi. Sehemu iliyokuwa ya wanawake, yenye njia yake na stara yake, hubomolewa ukuta ili chumba kipanuke. Jumba huponywa ngozi likakatwa matumbo. Na zile familia zilizokuwa zikiishi humo huenda Ng'ambo na viunga vya mbali, mtaa ukabaki na mabaraza yasiyo na mtu wa kukalia. Mtoto wa mtaa akiuliza nani anaishi katika nyumba ile, jibu ni kwamba hakuna anayeishi, kuna wanaolala.

Kwa hiyo si kweli kwamba dawa ya jumba ni hoteli, na wala si kweli kwamba dawa yake ni makumbusho. Beit al-Ajaib lilikuwa makumbusho.

Jumba hilo alilijenga Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883 kwa ajili ya shughuli za fahari. Lilikuwa na nguzo za chuma pande zote, roshani pana zilizolizunguka, na lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo katika Afrika Mashariki kuwa na umeme na lifti. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyaangamiza majengo ya jirani lakini lenyewe halikuanguka. Mnara ulioharibiwa ukafuatiwa na mnara mwingine wa saa uliounganishwa na uso wake. Kuanzia mwaka 1911 likawa makao ya ofisi za utawala wa Kiingereza. Baada ya Mapinduzi likatumiwa na chama, na mwanzoni mwa karne hii likawa makumbusho ya historia na utamaduni, na ndani yake likawekwa jahazi la mtepe lililoshonwa kwa kamba. Lilipita katika mikono ya sultani, mkoloni, chama na wizara, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kujivunia kuwamo.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani na paa lake iliporomoka, nalo likafungwa. Mwaka 2014 liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo yaliyo hatarini. Zikaandikwa ripoti, wakaja wataalamu, magogo na vyuma vya kuegemeza vikasimamishwa. Hatimaye, kwa msaada wa Serikali ya Oman, kazi ya ukarabati ilikuwa imekwisha anza pale upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ulipoanguka mchana wa tarehe 25 Desemba 2020. Watu wawili walipoteza maisha.

Kati ya 2012 na 2020 ni miaka minane. Beit al-Ajaib halikukosa wapenzi katika miaka hiyo, wala halikukosa mwenyewe, kwani ni mali ya Serikali. Lilikosa fedha ndogo ya kila mwaka, yenye jina lake, isiyoweza kuhamishiwa kazi nyingine. Chuma kilichomo ndani ya zege kikishapata maji hushika kutu, na kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani. Ni kazi ya polepole ambayo haihitaji tufani. Pesa ya kuuziba mlizamu haiombwi kwa mfadhili wa ng'ambo, maana hakuna mfadhili atakayepiga picha mbele ya mlizamu. Huombwa mabilioni, baada ya muda, kwa jengo zima.

Tulinganishe na jengo lililo hatua chache kutoka hapo, ile Dispensari ya Kale ya Mizingani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa msimamizi wa forodha. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na mjane wake ndiye aliyelimaliza. Kwa miaka mingi lilikuwa mahali pa tiba, kisha likaachwa, hata roshani zake za mbao zilizonakshiwa zikawa zinaning'inia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikabidhiwa kwa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, na kufikia mwaka 1996 lilikuwa limesimama tena, likiwa kituo cha utamaduni. Wengi husifu nakshi zake. Sisi tunasifu jambo lisiloonekana barabarani: kwamba kazi ile iliwafundisha mafundi wa hapa hapa namna ya kutumia chokaa na kurekebisha mbao za kale, na kwamba mkabidhiwa alijulikana.

Hata hivyo, matumizi mema peke yake hayatoshi. Forodha ya kale, hapo hapo Mizingani, kwa miaka mingi imekuwa nyumba ya chuo cha muziki wa nchi za majahazi, ambacho kimewafunza vijana wetu udi, ganuni na taarabu. Ni vigumu kuwaza kazi inayolifaa zaidi jumba kama lile. Na bado mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Wanafunzi wengi hawana uwezo wa kulipa karo. Wafadhili wana misimu yao kama pepo za kusi na kaskazi. Chuo kisichoweza kumlipa mwalimu hakiwezi kununua boriti.

Je, ipo njia? Ipo, tena hatuna haja ya kuiagizia meli. Imo katika mila yetu ya wakfu. Nyumba ikiwekwa wakfu, wanazuoni wamekubaliana kwamba pato lake la kwanza ni la kuitengeneza nyumba yenyewe. Ikishatengenezwa, ndipo kinachobaki kiwafikie wale waliowekewa: msikiti, mayatima, au kizazi cha mwenyewe. Nyumba hukaa mbele ya foleni ya wanaoitegemea. Tunajua kwamba nyumba nyingi za wakfu nazo zimechakaa, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inajua sababu zake kuliko sisi. Kodi ikiwa ni ya kusikitisha, hata kanuni bora haina cha kugawa. Lakini kanuni ni sahihi, na twashangaa kwa nini iishie mlangoni mwa nyumba za wakfu.

Kwa nini Serikali, ikodishapo jumba kwa mwenye hoteli, isiweke ndani ya mkataba fungu la kodi litakaloingia katika hesabu ya jumba hilo hilo, lisiguswe na Hazina kwa shughuli nyingine? Kwa nini mkodishwaji asilazimishwe kuikamilisha dari na milizamu kabla ya kuruhusiwa kujenga choo cha pili? Mamlaka ina sheria mkononi tangu zamani, na maofisa wake hufanya kazi katika mazingira ambayo hatuwaonei wivu. Wanamwandikia barua mtu mkubwa, na mtu mkubwa hajibu. Wapewe uwezo wa kusimamisha kazi kwa kweli, si wa kuandika alama nyekundu ukutani ambayo mvua huifuta.

Kwa wapangaji wa nyumba za Serikali jambo ni zito zaidi, maana ukisema kodi ipande umesema bibi mzee wa ghorofa ya pili aondoke. Hilo hatulitaki. Lakini kuna kodi ambayo mpangaji huilipa bila ya kinyongo, nayo ni ile anayoiona kwa macho ikirudi kichwani pake kama dari. Kodi ikipanda kidogo baada ya boriti kubadilishwa, si kabla, na wakazi wa nyumba moja wakapewa kamati yao yenye haki ya kuiona hesabu, wengi wataelewa. Atakayekuwa hana kabisa, huyo ni wa kusaidiwa na fungu la ustawi wa jamii. Kumsaidia kwa kuiacha nyumba imwangukie si msaada.

Na warithi wetu waliotawanyika, wasingoje kukubaliana juu ya kuuza ndipo wakubaliane juu ya kutunza. Wamteue msimamizi mmoja kwa maandishi, kama alivyo mutawalli wa wakfu, mwenye ruhusa ya kukusanya kodi, kuitengeneza nyumba kwanza, na kugawa baadaye. Yule mwenye fungu dogo na ufunguo anafaa sana kazi hiyo. Mahakama ya Kadhi na Mamlaka zingeweza kuwatayarishia hati moja fupi ya kujaza, ili lisiwe jambo la kumlipa wakili kwa kila ukoo.

Limebaki suala la chokaa. Mwananchi hawezi kuambiwa aache saruji ikiwa chokaa nzuri haipatikani. Shimo la kuzimia chokaa halina fahari, lakini Serikali ikiwa na mashimo machache yanayofanya kazi mwaka mzima, ikiuza kwa bei isiyozidi ile ya saruji, na vijana wakiwekwa chini ya mafundi wazee ambao bado wako hai, nusu ya barua za onyo hazitahitajika. Mikoko nayo haiwezi kukatwa kama zamani. Hivyo mafundi hao wafundishwe pia mbao gani zilizotiwa dawa zinafaa badala ya boriti, na zipachikwe vipi ukutani ili vichwa vyake vipate hewa.

Siku ya kufunguliwa kwa jumba lolote lililofufuliwa kwa fedha za umma au za msaada, kutakuwa na hotuba, ngoma na utepe wa kukata. Kabla ya mkasi kushikwa, tungeomba wageni waheshimiwa wasomewe karatasi moja tu: fungu la matunzo la kila mwaka ni shilingi ngapi, linatoka wapi, na ni nani, kwa jina na cheo, atakayepanda darini kila Februari kabla ya masika na kila Septemba kabla ya vuli.